Je, Wajua? Ukarimu uliowafikisha watafiti kwa lesula

Je, wajua kwamba lesula, tumbili wa Lomami mwenye macho kama ya mtu, alijulikana kwa wanasayansi kupitia nyumba ya watu? Juni 2007, watafiti waliofika Opala walimkuta amefugwa kwa mkuu wa shule ya msingi. Jina la kisayansi alipewa 2012, na Hifadhi ya Taifa ya Lomami, iliyo Maniema na Tshopo, ikatangazwa 2016.

Kama watafiti hao walivyomfikia lesula kupitia watu, kazi ya kuhudumia wageni nayo huhitaji watu wa kushirikiana nao. Wanasaikolojia wameona kuwa wachangamfu na wadadisi hupata marafiki wa kazi kwa wepesi. Lakini wewe mhudumu wa hoteli hapa Kindu uliye mkimya, usijidharau: mpigie simu mwenye mtumbwi wa mto Lualaba, umwite kwa jina lake, kabla mgeni hajafika.