Usukani wa Motokaa Uliolegea na Hatari Zake

Watu wasikiapo habari ya motokaa iliyoacha njia, huuliza kwanza juu ya breki na mwendo. Ni sawa kuuliza hayo. Lakini leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari ya usukani, hasa vifundo vyake vilivyo chini ya gari, mahali ambapo abiria hapaoni na dereva mwenyewe hapatazami ila mara moja moja. Twawaandikia zaidi wazee wa vijiji na walimu wakuu, kwa sababu aghalabu wao ndio wanaokodi magari ya kuwapeleka watoto michezoni na wagonjwa hospitali, nao wana haki ya kulitazama gari kabla mtu hajapanda.

Dereva azungushapo usukani, nguvu ya mkono wake hushuka kwa mti wa chuma hata kwenye sanduku la meno, na kutoka hapo hupita katika fimbo za chuma ambazo mafundi huziita tairodi, ndizo zinazoyageuza magurudumu mawili ya mbele pamoja. Mpango huu ni wa zamani kuliko motokaa: Rudolph Ackermann aliuandikisha London mwaka 1818 kwa magari ya farasi, kwa niaba ya Mjerumani Georg Lankensperger aliyeubuni.

Katika ncha za fimbo hizo pana vifundo. Kifundo ni tufe la chuma lililokaa ndani ya kikombe, mfano wa mfupa wa paja katika nyonga. Ndani mna grisi, na nje pamefunikwa kofia ya mpira. Kofia hii ni kitu kidogo, lakini ikipasuka ndio mwanzo wa taabu. Vumbi huingia, maji ya mvua huingia, na ile grisi iliyokuwa ikilainisha hugeuka kuwa mfano wa tope la kunolea kisu, ikila chuma safari baada ya safari. Na katika barabara za udongo zilizofanya migongo kama bati la nyumba, kifundo hugongwa bila kupumzika.

Mkulima aijua hali hii. Jembe likilegea katika mpini hulima bado, lakini likipiga jiwe hugeuka upande asioutaka mwenyewe. Basi usukani ni vivyo hivyo, ila kulegea kwake huja kidogo kidogo, hata dereva asione tofauti ya jana na leo. Ukimwambia, hujibu, "Gari hili nalijua." Ni kweli analijua, na hapo ndipo penye hatari, maana mikono yake imekwisha jifunza kusahihisha kosa la chuma bila yeye kutambua. Siku mtoto atakapokatiza njia ghafula, haitoshi kujua. Gari liendalo kilometa 60 kwa saa hupita zaidi ya meta 16 katika sekunde moja, na sehemu ya sekunde hiyo hupotea usukani ukizunguka bure kabla gurudumu halijatii. Nalo jambo baya kuliko yote ni tufe kuchomoka katika kikombe chake. Hapo gurudumu hushika njia yake lenyewe, wala hakuna nguvu ya mkono iwezayo kulirudisha.

Dalili hutangulia. Usukani hutetemeka, gari huvuta upande mmoja, chini husikika mgongano katika mashimo, na tairi za mbele hulika upande mmoja au hufanya ncha kama meno ya msumeno. Baadhi ya dalili hizi huweza kutoka katika tairi zenyewe, kwa hiyo haifai kumhukumu dereva kwa kusikia tu, na lipimwe.

Kupima si kazi ya fundi peke yake. Gari lisimame mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe na mawe yawekwe nyuma na mbele ya magurudumu. Mtu mmoja auchezeshe usukani kidogo kulia na kushoto, na mwingine atazame gurudumu la mbele linaanza kugeuka lini. Katika magari madogo mengi ya siku hizi kuchelewa huko hakupasi kuonekana ila kwa shida. Kisha gurudumu liinuliwe kwa jeki na gogo imara litegemezwe chini ya gari. Ulishike gurudumu ubavuni kwa mikono miwili na kulitikisa: likicheza, yamkini kosa li katika tairodi. Ulishike juu na chini: likicheza hivyo, yamkini ni beringi au bolijointi. Mtu asiingie chini ya gari lililotegemea jeki tupu.

Twasikitika kuona matengenezo ya kudanganya. Wengine hukaza kifundo kwa kipande cha mpira, wengine huchomelea fimbo iliyopasuka, na wengine hutia msumari mahali pa pini ya nati. Kifundo kilicholika hakiponi kwa kutiwa grisi. Hutolewa, kikatiwa kipya.

Yako magari ambayo usukani wake husaidiwa na mafuta au umeme. Huo ni msaada mzuri, lakini wepesi wake huweza kumfanya dereva asihisi ulegevu. Nao madereva wanaozima mashine mtelemkoni ili kubana mafuta hujinyima msaada huo pale pale wanapouhitaji, na breki pia hupungukiwa na nguvu. Na katika magari mengi, akichomoa ufunguo, usukani hujifunga kabisa.

Baada ya kifundo kipya kutiwa, magurudumu na yapimwe tena yaelekee sawasawa, na pini ya nati iwe mpya. Kisha, gari likiisha kwenda siku chache katika barabara ya udongo, lirudishwe kwa fundi akazitazame nati zile kama zingali zimekaza.