Fundi Anayevaa Sweta Malindi

Haya wanangu, sogeeni. Kuna ugonjwa ambao kwingi duniani ni nadra, lakini hapa kwetu Kilifi karibu mtoto mmoja katika kila mia huzaliwa nao. Ni siko seli. Chembe nyekundu za damu ni duara na laini, nazo huishi siku 120 hivi. Za mgonjwa hujikunja kama mundu, zikafa kwa siku 10 hadi 20, ndiyo maana damu humpungukia. Zikikwama kwenye mishipa myembamba, maumivu humshika hadi mifupani.

Hurithiwa kwa baba na mama, wote wawili. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu haugui, tena malaria kali haimpati kwa urahisi. Anthony Allison, kijana aliyelelewa Gilgil, alipima damu za watu nchini mwaka 1949, akakuta wenye urithi huo wamejaa pwani na kando ya Ziwa Victoria, kwenye malaria, na ni wachache kule milimani. Baadaye watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, hapa hapa Kilifi, walipima kinga hiyo: karibu asilimia 90.

Zamani wengi wa wagonjwa walikufa wadogo, watu wakasingizia mapepo. Siku hizi wengi wanakua, wanaoa na kuolewa. Nami huniuma kwamba bado tunauita ugonjwa wa watoto, kana kwamba ukivuka utoto umeshapona.

Yuko fundi cherehani mjini Malindi, mama wa watu, mwenye ugonjwa huu. Chupa ya maji haimtoki ubavuni, kwa sababu mwili ukikauka chembe huzidi kujikunja. Kusi likivuma na mvua za Juni, huvaa sweta, maana baridi nayo huamsha maumivu, wapita njia wakamshangaa. Kila siku humeza haidroksiyurea, dawa ya kupunguza vipindi vya maumivu, na kuinunua kila mwezi si mchezo. Sare za shule hapokei za kesho. Huomba wiki mbili, maana hajui ni siku gani nyonga itamkatalia kukanyaga pedeli. Mteja mmoja alimwita mvivu mbele za watu. Angemwonyesha nini? Maumivu yale hayana jeraha.

Basi mkitumwa kwake kuchukua sare, naye akawaambia, "Rudini Jumatatu, wanangu," mwitikieni vizuri, mrudi Jumatatu.