Mume Yankees, Mke Mariners

Unataka kumjua mwenzako vizuri? Muulize timu anayoipenda, halafu mwambie akutajie udhaifu wake. Akiweza kuutaja bila kununa, huyo ni mtu wa kukaa naye meza moja na kupanga bajeti. Akianza kufoka, basi kazi unayo.

Huku kwetu mambo ya Simba na Yanga tunayajua. Nyumba ngapi siku ya dabi hupikwa pilau safi halafu hakuna anayemsemesha mwenzake? Wenzetu wa Marekani nao wana mwezi wao wa kununiana. Ni Oktoba, na mchezo wenyewe ni besiboli. Mwaka 2025 wiki ya mwisho ya Septemba ilinikuta New Jersey, kwa shoga yangu niliyesoma naye chuo. Mumewe, mtu wa Moshi aliyekulia hukohuko, ni Yankees damu. Shoga yangu alifanya shahada ya pili Seattle, akarudi na cheti na mapenzi ya Mariners. Nilichokiona mezani kwao kimenifanya niandike makala hii.

MECHI 162, HALAFU BASI

Tuanze na mchezo wenyewe, maana wengi tunaujua kwa sinema tu. Ligi kuu ya besiboli ina timu 30. Kila timu hucheza mechi 162 kuanzia Machi hadi mwishoni mwa Septemba, karibu kila siku. Tangu mwaka 2022 timu 12 huingia hatua ya mtoano, sita kutoka American League na sita kutoka National League. Raundi ya kwanza anapita anayeshinda mechi mbili kati ya tatu. Ya pili ni tatu kati ya tano. Nusu fainali ni nne kati ya saba, na fainali, ile wanayoiita World Series, ni hivyohivyo. Washindi wawili bora wa makundi katika kila ligi huruka raundi ya kwanza.

Unaona tatizo? Miezi sita ya jasho, halafu unaweza kutolewa kwa mechi mbili mbaya. Mwaka 2001 Seattle Mariners walishinda mechi 116, lakini hata fainali hawakufika. Mwaka 2023 timu tatu zilikuwa na ushindi wa 100 au zaidi, yaani Atlanta, Baltimore na Los Angeles Dodgers. Zote tatu zilitolewa raundi ya pili, na kombe likaenda kwa Texas waliokuwa na ushindi 90. Mwaka 2006 St. Louis walibeba kombe baada ya kushinda mechi 83 tu.

Ndiyo maana shabiki wa kweli hakuambii, "Sisi ni wa kwanza, tumemaliza." Anakaa chini na kupima.

WANAPIMA NINI?

Shemeji alichukua karatasi, akaibandika kwenye friji na kuigawa kwa mstari. Upande mmoja nguvu, mwingine udhaifu. Nikamwambia anifundishe taratibu, kama mtoto wa chekechea.

Cha kwanza ni warushaji. Mrushaji ndiye anayemtupia mpira mpigaji wa timu pinzani, na mechi nyingi huamuliwa na mkono wake. Katika msimu wa kawaida timu huzungusha warushaji watano wa kuanza, kwa sababu mkono unahitaji siku kadhaa za kupumzika. Kwenye mtoano kuna siku za mapumziko katikati, hivyo watatu au wanne wanatosha. Maana yake timu yenye wawili watatu wakali ni hatari kuliko yenye watano wa wastani.

Cha pili ni warushaji wa akiba, wale wanaoingia mwishoni kulinda ushindi. "Shemeji, hawa ndio wanaotuua kwa presha," alisema huku akicheka. Timu inaweza kuongoza mpaka zamu ya nane kati ya tisa, halafu akaingia mtu mmoja na kuvuruga kila kitu.

Cha tatu ni wapigaji. Kuna timu zinazotegemea mpigo mkubwa wa kuvusha mpira nje ya uzio, na kuna zinazogusagusa mpira na kukimbia. Za kwanza zinatisha, lakini zikikutana na mrushaji mkali wanaukosa mpira mmoja baada ya mwingine. Za pili hazina mbwembwe, ila kuzitoa uwanjani ni shughuli.

Cha nne ni afya. Nani ameumia, na nani amerudi juzi lakini bado hajawa sawa? Kwenye besiboli goti au bega moja hubadilisha mahesabu yote.

KARATASI YA FRIJINI

Sasa njoo uone walivyojaza. Sheria ya nyumba ile, na naomba uishike, ni kwamba mume anaandika udhaifu wa Yankees kwa mkono wake, na mke anaandika udhaifu wa Mariners kwa mkono wake. Sifa za timu yako anaziandika mwenzako.

Shoga yangu akaandika sifa za Yankees: Aaron Judge, mipira 53 nje ya uzio msimu ule, na timu nzima 274, hakuna timu iliyowafikia. Mumewe akaguna, akaandika udhaifu: Gerrit Cole, mrushaji wao mkubwa, hakurusha hata mpira mmoja msimu mzima kwa sababu ya upasuaji wa kiwiko, na warushaji wa akiba hawaaminiki.

Zamu ya Mariners. Mume akaandika: Cal Raleigh, mdakaji, mipira 60 nje ya uzio, rekodi kwa mtu wa nafasi yake, na warushaji wa kuanza wazuri. Mke akashika kalamu. Alikaa kimya kidogo, kisha akaandika: "Bryan Woo anaumwa kifua. Wapigaji wetu wanakosa mpira sana. Na hatujawahi kufika World Series." Hiyo ya mwisho aliipigia mstari.

Hawakuishia kwao. Milwaukee walimaliza na ushindi 97, wengi kuliko timu yoyote, na mwaka huo walikutana na Dodgers mara sita wakawafunga mara zote sita. Dodgers walikuwa na warushaji wa kuanza wa kutisha, Yamamoto, Snell, Glasnow na Shohei Ohtani, lakini akiba yao ilivuja msimu mzima. Philadelphia walimkosa Zack Wheeler kwa tatizo la damu kuganda. Toronto walishika mkia wa kundi lao mwaka 2024, na mwaka 2025 wakaongoza, wapigaji wao wakiwa wagumu kuukosa mpira.

HAPO NDIPO PESA IKAINGIA

Usiku wa pili mazungumzo yakabadilika. Shemeji alitaka kuweka mkeka. Tena si wa dola kumi. Walikuwa wameweka akiba ya tiketi za kuja Moshi Krismasi, wao wawili na mtoto, na bibi wa mtoto hajawahi kumwona mjukuu wake. Yeye akataka kutoa dola 800 humo awape Yankees. "Zikirudi mara nne tunakaa nyumbani mwezi mzima," alisema.

Kubeti pale ni rahisi kuliko kununua mkate. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta sheria iliyokuwa ikizuia kamari ya michezo katika majimbo mengi, na kesi yenyewe ilitoka hukohuko New Jersey. Siku hizi ni simu tu, bonyeza, umemaliza.

Nilidhani shoga yangu atawaka. Wala. Alimshika mkono, akampeleka mbele ya friji.

"Baba, soma uliyoandika wewe mwenyewe."

"Nimesoma."

"Ungekuwa unamkopesha rafiki yako pesa ya tiketi za mama, na rafiki ana udhaifu huu, ungempa?"

Kimya. Akasema, "Lakini mimi naijua hii timu."

"Unaijua, na unaipenda. Sikukatazi kuipenda. Nakuomba tu usiitume ikatulipie nauli."

Mimi nilijifanya naosha vikombe. Aliondoka akaenda kukaa kibarazani karibu saa nzima. Aliporudi alisema, "Sawa. Tubeti vyombo." Wakakubaliana kwamba ambaye timu yake inatoka kwanza anaosha vyombo mpaka Krismasi.

OKTOBA ILIAMUAJE?

Yankees waliwatoa Boston, kisha wakafungwa na Toronto mechi tatu kwa moja. Shemeji akaanza kuosha vyombo. Mariners wakasonga mpaka mechi ya saba ya nusu fainali, tarehe 20 Oktoba, hukohuko Toronto. Wakaongoza mpaka zamu ya saba, George Springer akavusha mpira uliofunga pointi tatu, na Mariners wakalala 4-3. Shoga yangu alinipigia simu akilia kama amefiwa. Nyuma yake nikamsikia mumewe akisema, "Njoo kaa, leo chai napika mimi."

Na Milwaukee, wale waliowafunga Dodgers mara sita? Walikutana nao nusu fainali wakafungwa nne bila majibu. Dodgers wakafika fainali na kuwashinda Toronto katika mechi ya saba, tarehe 1 Novemba, 5-4 kwa zamu 11. Akiba iliyovuja? Yamamoto, aliyekuwa amerusha jana yake, aliingia tena mwishoni akaimaliza kazi. Hilo lisingeweza kuandikwa kwenye karatasi ya mtu yeyote mwezi Septemba.

Kupima hukuonyesha mambo yalivyo leo. Oktoba ina yake. Na Desemba nauli ilikuwa palepale, bibi akambeba mjukuu.

Wasiobahatika wapo. Mkalimani wa Ohtani mwenyewe, mtu aliyekuwa naye kama ndugu, alimwibia karibu dola milioni 17 kulipa madeni ya kamari. Mwaka 2025 alihukumiwa kifungo cha miezi 57. Ukisikia mtu anasema kamari ni burudani ndogo tu, mkumbushe huyo.

WAPENDANAO, JARIBUNI HIVI

Iwe besiboli, dabi ya Kariakoo au Ligi Kuu ya Uingereza, chukueni haya:

Moja, kila mtu aandike udhaifu wa timu yake mwenyewe. Ukiuzoea ukweli kwenye mpira, utauweza hata ukizungumzia hasira zako au mshahara wako.

Mbili, mwenzako aandike sifa za timu yako. Inauma kidogo, lakini inaleta raha ya ajabu.

Tatu, mkibeti, betini vyombo, masaji au kuamka usiku na mtoto. Kodi, ada na nauli ya kwenda kwa mama zisiguswe.

Nne, timu ya mwenzio ikifungwa, usicheke siku hiyo. Subiri kesho, tena baada ya chai.

Mimi bado nasisitiza kwamba kupenda timu si ujinga. Ujinga ni kumlazimisha mwenzako alipie mapenzi yako bila kumuuliza. Msimu ujao ukikaribia, tafuteni karatasi na kalamu mbili, mkae. Kama friji haina nafasi, hata mlango wa kabati unatosha.