Kitufe unachokiona, mwenzako hakisikii: kwa nini tovuti nyingi huwaacha nje wasioona

Kununua tiketi kwa simu ni kazi ya dakika chache: unachagua tarehe, unabonyeza "Lipa", basi. Kwa mtu asiyeona, safari hiyo hiyo inaweza kuishia kwenye tarehe tu, na hela anayo.

Wasioona hutumia kisoma skrini. Android ina TalkBack, iPhone ina VoiceOver, na kwenye Windows kuna NVDA, ambayo ni ya bure. Ukigusa kitu, sauti inakitaja jina, aina na hali yake: "Lipa, kitufe." "Nakubali masharti, kisanduku, hakijawekwa alama."

Shida ni kwamba kisoma skrini hakitazami rangi wala umbo, kinasoma msimbo. HTML ina kitufe chake halisi, button. Lakini watengenezaji wengi huchukua div, boksi tupu tu, wakalipaka rangi mpaka likafanana na kitufe. Kwa macho hakuna tofauti. Sauti, hata hivyo, inasema "Lipa" na kunyamaza, kama vile ni maandishi ya kawaida. Anayetumia kibodi bila kipanya naye akibonyeza Tab, boksi hilo linarukwa.

Mbona wanafanya hivyo? Si roho mbaya. Vitu vya asili vya kivinjari, hasa orodha za kuchagua, vimekuwa vigumu kupamba kwa miaka mingi, na mteja anataka kila kitu kifanane na nembo yake.

Ndipo vikaja vijenzi visivyo na sura, au komponenti kama madivelopa wanavyoviita: React Aria ya Adobe, Radix, na Headless UI ya watu wa Tailwind. Vinakupa tabia, mapambo unaweka mwenyewe. Chukua dirisha linaloibuka katikati ya ukurasa. Likifunguka, mtumiaji ahamishiwe ndani yake. Tab izunguke humo humo, isitorokee ukurasa wa nyuma. Esc ilifunge, kisha mtu arudishwe kwenye kitufe kile kile alichobonyeza. Kuandika hayo yote kwa mkono na kuyajaribu kwenye kila kivinjari si kazi ya jioni moja.

Usishangilie mapema, lakini. Alama ya kikapu isiyopewa jina bado itasomwa "kitufe", cha nini hakuna ajuaye. Na rangi ni juu yako: mwongozo wa WCAG unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano wa 4.5 kwa 1. Kile kijivu hafifu juu ya nyeupe, kinachopendwa sana na wabunifu, mara nyingi hakifiki hapo.

Tangu Juni 28, 2025, Umoja wa Ulaya unazibana kisheria huduma kama benki, maduka ya mtandaoni na tiketi, hata za kampuni za nje zinazouza huko. Biashara ndogo sana za huduma zimesamehewa. Kwa hiyo divelopa wa Nairobi au Dar es Salaam mwenye wateja wa Ulaya naye yumo.

Kukagua ni bure. Washa TalkBack kwenye mipangilio ya simu, funga macho, jaribu kulipa kwenye tovuti yako. Kumbuka tu: ikishawaka, kugusa mara moja kunasoma, kugusa mara mbili ndiko kunabonyeza.