Kisukari cha Mtu Mzima Ambacho Aina Yake Haijabainika

Tuseme mwanamke mwenye umri wa miaka 38 ameteremka kutoka Nyandira, juu katika milima ya Uluguru, hadi hospitalini mjini Morogoro. Kwa miezi mitatu amekonda ingawa anakula vizuri, anakunywa maji bila kukata kiu, na usiku huamka mara nne kwenda kukojoa. Kijijini watu walimhisi kifua kikuu. Makohozi yalipimwa, kipimo cha VVU kikafanyika, na vyote havikuonyesha ugonjwa. Hatimaye tone la damu ya kidoleni limetoa jibu: sukari ni milimoli 24 kwa lita. Ugonjwa umejulikana, lakini kadi ya kliniki ina swali jingine: ni kisukari cha aina gani?

Swali hilo linaonekana dogo, kumbe linaweza kuamua kama mgonjwa atarudi nyumbani na sindano au na vidonge, na kama atakuwa hai mwezi ujao.

Picha ya vitabuni na mgonjwa halisi

Vitabu hufundisha kwamba kisukari cha aina ya 1 huwapata watoto na vijana wembamba. Kinga ya mwili hushambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na mgonjwa hawezi kuishi bila sindano. Aina ya 2 huwapata watu wazima wanene. Insulini ipo, ila mwili hauitii ipasavyo au haitoshelezi mahitaji. Ni picha sahihi kwa wagonjwa wengi, lakini si kwa wote. Aina ya 1 huanza katika umri wowote, hata baada ya miaka 50, na wakati mwingine hunyemelea polepole hata ikadhaniwa kuwa aina ya 2. Nayo aina ya 2 huwapata pia watu wembamba, hasa Afrika na Asia.

Mgonjwa wetu anaangukia katikati. Wembamba na kukonda kwa haraka vinaelekeza kwenye aina ya 1. Umri wake, pamoja na mama aliyekuwa akimeza vidonge vya sukari, vinaelekeza kwenye aina ya 2. Mtoa huduma anayelazimika kuandika jibu siku hiyo hiyo atakuwa anakisia tu.

Swali la siku nyingi

Shaka hii si mpya nchini Tanzania. Kati ya mwaka 1981 na 1987, Profesa Donald McLarty, Profesa Andrew Swai na wenzao waliwafuatilia wagonjwa wapya 1,250 wa kisukari jijini Dar es Salaam. Kati yao, 272 walihitaji insulini na 825 hawakuihitaji. Waliobaki, 153, sawa na asilimia 12.2, waliandikwa kuwa aina yao haikubainika. Madaktari hao hawakuona aibu kuliweka kundi hilo la tatu, na uaminifu huo ni funzo kwa kliniki za leo.

Hata vipimo vya kinga havikuondoa utata wote. Mwaka 1990 kundi hilo hilo liliripoti kwamba, miongoni mwa Watanzania waliochunguzwa, kingamwili dhidi ya seli za kongosho hazikuhusiana mahsusi na kisukari kinachohitaji insulini. Miaka 35 baadaye, mwaka 2025, utafiti uliofanyika Kameruni, Uganda na Afrika Kusini ulionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya vijana waliokuwa wakitibiwa kama wenye aina ya 1 hawakuwa na kingamwili hizo.

Lishe nayo imekuwa sehemu ya mjadala. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani lilitambua kisukari kinachohusiana na utapiamlo, kisha mwaka 1999 likakiondoa katika orodha yake. Mwezi Aprili 2025, mjini Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likakitambua upya kwa jina la aina ya 5. Muhogo nao uliwahi kushukiwa, lakini utafiti wa Swai na wenzake katika jamii ya Kitanzania, uliochapishwa mwaka 1992, haukuupata na hatia.

Makosa mawili yasiyolingana uzito

Kosa la kwanza ni kumwita mgonjwa wa aina ya 2 ilhali mwili wake umeishiwa insulini. Akipewa vidonge na kuambiwa arudi baada ya miezi mitatu, ketoni zinaweza kujaa katika damu na kuigeuza kuwa na asidi. Hutapika, huumwa tumbo, hupumua kwa haraka na kwa kina, kisha huzimia. Kutoka vijiji vya mlimani, njia ya kufika hospitalini wakati huo ni ndefu kuliko muda alio nao.

Kosa la pili ni kumwita wa aina ya 1 ilhali kongosho lake bado lina nguvu. Huyu atajidunga sindano miaka mingi bila ulazima, atagharamika, na sukari inaweza kumshuka akiwa shambani. Wapo watu wazima wanaofika na ketoni nyingi, lakini baada ya wiki au miezi ya insulini hali yao hutengemaa na vidonge huwatosha.

Makosa yote mawili yana madhara, ila la kwanza huua kwa siku chache. Kwa hiyo, penye shaka, insulini itangulie na jina la ugonjwa lifuate.

Kwa mtoa huduma

Hospitali yenye uwezo huanza na kipimo cha kingamwili, hasa zile ziitwazo GAD. Zikikosekana, aina ya 1 bado haijakanushwa. Kipimo cha peptidi C huonyesha insulini ambayo mwili wenyewe unatengeneza. Chini ya pikomoli 200 kwa lita, upungufu ni mkubwa. Juu ya 600, aina ya 2 ina uwezekano zaidi. Kipimo hiki huaminika zaidi miaka kadhaa baada ya ugonjwa kugunduliwa, kwa kuwa sukari iliyopanda sana huidhoofisha kongosho kwa muda. HbA1c hueleza wastani wa sukari, haielezi aina.

Zahanati isiyo na vipimo hivyo bado ina la kufanya. Pima ketoni katika mkojo. Uliza kasi ya kukonda. Mwenye ketoni nyingi, anayetapika au aliyelegea apewe rufaa siku hiyo hiyo. Anayeanza vidonge huku shaka ikiwepo arudi baada ya siku chache, si miezi. Kisha andika ukweli kwenye kadi: “Aina haijabainika, itathminiwe tena.”

Kwa mgonjwa na familia

Ukiambiwa kwamba aina ya kisukari chako haijajulikana, usidhani daktari hajui kazi yake. Uliza lini utapimwa tena. Kama umeanzishiwa insulini, usiiache kwa sababu umepata nafuu, umeishiwa hamu ya kula au umeshauriwa dawa za miti shamba. Dozi hupunguzwa na mtaalamu pekee. Pasipo jokofu, ihifadhi ndani ya mtungi wa udongo uliowekwa kivulini, wala usiiache igande. Ukianza kutapika, kuumwa tumbo au kuhema, usingoje siku ya gulio upate usafiri. Ondoka mara moja.

Mwanamke wa Nyandira atarudi kwake na insulini, tarehe ya wiki ijayo, na kadi ambayo nafasi ya aina haijajazwa. Nafasi hiyo inaweza kusubiri, lakini insulini haiwezi.