Jina la mtoto na herufi zake za kwanza

Mtoto mdogo hujifunza herufi kwa mikono kabla ya kalamu: huzifinyanga kwa udongo, huzichora mchangani kwa kidole, kisha hupanga mbegu za maharagwe juu ya jina lake lililoandikwa na mwalimu. Nchini Kongo, hata hivyo, jina huweza kupingana na somo. Tshibangu husikia katika jina lake sauti ile ile inayoanza neno chakula, ilhali tahajia ni mbili: tsh ni ya jina lake, ch ni ya Kiswahili sanifu. Mwalimu asilisahihishe jina. Mtoto na alipange kwa herufi za udongo, na chini yake apange chakula. Ndipo atambuapo kwamba sauti moja yaweza kuandikwa namna mbili, na jina lake si kosa.