Akisie Kwanza Ndipo Aone

Barabara ya Sangasanga kwenda Langali, mkoani Morogoro, hupita Mzumbe, huingia Mlali, kisha huanza kuipanda Milima ya Uluguru kuelekea Mgeta. Mlali iko pale milima inapokutana na tambarare. Juu kuna miteremko inayolimwa, chini kuna mashamba ya nyanya na mahindi, na vijito vya hapo hugeuka rangi kila mvua kubwa inaponyesha milimani. Chuo Kikuu cha Mzumbe ni jirani kabisa, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kiko Morogoro mjini, chini ya milima hiyohiyo. Mhadhiri wa sayansi aliyepata bahati ya kufundisha karibu na mahali kama hapa ana maabara isiyohitaji umeme wala ufunguo. Lakini kuwapeleka wanafunzi huko hakutoshi. Kinachoamua kama watajifunza ni swali wanaloulizwa kabla hawajaona chochote.

Tuchukue jaribio la bei ya chini kuliko yote. Chota udongo wa shambani kwenye mteremko, utie katika chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu hadi ufike kama robo, jaza maji, funga kifuniko, tikisa kwa nguvu dakika chache. Kabla ya kuisimamisha chupa mezani, waambie wanafunzi hivi: chembe ndogo ya mchanga yenye kipenyo cha milimita 0.05 huzama sentimita 20 kwa dakika moja na nusu hivi. Chembe ya mfinyanzi yenye kipenyo cha milimita 0.002 ni ndogo mara 25. Je, itachukua muda gani kufika chini? Kila mmoja aandike jibu lake kwa kalamu, kabla hajamchungulia mwenzake.

Jibu linalomjia mtu haraka ni kuzidisha kwa 25, apate kama dakika 38. Chupa inasimama, mchanga unatua, dakika 38 zinapita, na maji bado ni ya rangi ya chai ya maziwa. Saa mbili zinapita, bado. Hesabu sahihi ni zaidi ya saa 15, kwa sababu muda huongezeka kwa 25 mara 25, yaani mara 625. Uzito wa chembe hufuata kipenyo kikizidishwa chenyewe mara tatu, ilhali ukinzani wa maji hufuata kipenyo peke yake. Ukigawanya, kasi ya kuzama inabaki ikifuata kipenyo mara kipenyo. Hiyo ndiyo kanuni aliyoitoa George Stokes mwaka 1851, na ndiyo mwanasayansi wa udongo Bouyoucos aliyoitumia kwenye miaka ya 1920 kubuni njia ya haidromita ya kupima udongo, ile ya kusoma kipimo baada ya sekunde 40 na tena baada ya saa 2. Kila aliyesoma sayansi ya udongo anazijua namba hizo. Aliyeona dakika zake 38 zikishindwa mbele ya macho yake anajua pia namba hizo zilikotoka.

Udongo wa Uluguru una zawadi nyingine. Milima hii ina ulanga, madini yaliyochimbwa huko tangu enzi za Wajerumani, na ukichota mchanga wa kijito wenye ulanga utaona vijipande bapa vikimetameta na kuyumbayumba ndani ya chupa huku punje za duara zenye ukubwa uleule zimeshafika chini zamani. Stokes alipiga hesabu ya tufe, si ya kigae. Mwanafunzi anayeliona hilo amegundua mpaka wa kanuni, na hakuna mhadhara unaofundisha mpaka wa kanuni vizuri kuliko hivyo. Kisha andaa chupa mbili za maji ya mfinyanzi, moja itie chumvi vijiko viwili, na uulize ipi itatakata upesi. Wapo watakaosema ile isiyo na chumvi, kwa hoja kwamba chumvi huyafanya maji kuwa mazito. Hoja hiyo si ya kijinga, ila yenye chumvi ndiyo hutangulia. Chembe za mfinyanzi zina chaji hasi na husukumana. Chumvi huufunika msukumano huo, chembe zinashikana, zinakuwa kubwa, zinazama. Shabu tunayotia kwenye ndoo ya maji machafu hutumia mlango huohuo, na mto wenye tope hutua mzigo wake unapokutana na bahari kwa sababu zinazofanana.

Kwa nini nang'ang'ania kukisia? Kwa sababu jambo hili limepimwa. Mwaka 2004 Catherine Crouch, Eric Mazur na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti kuhusu maonyesho ya fizikia darasani. Wanafunzi waliotazama tu onyesho na kusikiliza maelezo hawakuelewa zaidi, kwa kiasi cha maana, kuliko wale ambao hawakuliona kabisa. Waliotakiwa kutabiri kwanza ndio waliofaidika, na kutabiri huko kuliongeza kama dakika mbili tu za kipindi. Nadhani kila mhadhiri angepaswa kuyasoma matokeo hayo kabla hajanunua kifaa kingine. Onyesho zuri bila utabiri ni burudani. Mwanafunzi anaweza kuona kile alichokwisha kukiamini, na baadaye akakumbuka tukio kinyume na lilivyotokea.

Ushahidi mpana zaidi ulikuja mwaka 2014, pale Scott Freeman na wenzake walipokusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Kwenye madarasa ya mhadhara mtupu walioanguka walikuwa asilimia 34 hivi. Kwenye madarasa ambamo wanafunzi walijadili, walikisia na kutatua maswali, asilimia 22. Kwa lugha ya chuo, hizo ni sapu nyingi ambazo zingeweza kuepukwa.

Ipo tahadhari moja. Mwaka 2019 utafiti mwingine wa Harvard ulionyesha kwamba wanafunzi wa madarasa ya kushiriki walijifunza zaidi lakini wenyewe walihisi wamejifunza kidogo, kwa kuwa kuhangaika na swali kunachosha, na mhadhara unaotiririka humpa mtu hisia ya kuelewa. Basi mhadhiri atakayeanza njia hii ajiandae kusikia manung'uniko kwamba hafundishi, kwamba hatoi madesa. Awaeleze mapema kwa nini anafanya hivyo.

Najua pingamizi. Pindi lina watu mia tatu, viti havitoshi, spika inakoroma. Lakini kuandika kisio kwenye daftari hakuhitaji nafasi, na kumgeukia jirani kwa dakika mbili kunawezekana hata katika ukumbi uliojaa; Mazur mwenyewe alianza njia hii kwenye kumbi kubwa za mihadhara mwaka 1991. Kuhusu lugha, msimamo wangu ni huu: kisio na mabishano yafanyike kwa Kiswahili, ripoti iandikwe kwa Kiingereza kama chuo kinavyotaka. Mtu hawezi kuitetea hoja yake kwa ujasiri huku akitafuta kitenzi.

Uluguru wenyewe unajua gharama ya sayansi inayotolewa kama amri. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko. Wataalamu walikuwa na jibu tayari. Wakulima walipochimba, mahali pengi udongo wa chini usio na rutuba ulikuja juu na mavuno yakapungua. Walisema, hawakusikilizwa. Mwaka 1955 ghasia zikalipuka Matombo, hukohuko Uluguru, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mradi ukaachwa. Ajabu ni kwamba upande wa Mgeta, kwenye mboga za umwagiliaji zenye soko, matuta yaliendelea kutumika. Swali la nini kitatokea kwa udongo huu, zao hili na mteremko huu lilikuwa swali la kujaribiwa shamba kwa shamba, na wenye mashamba ndio waliokuwa na takwimu.

Miaka 15 baadaye mambo yalifanywa vingine. Februari 1970 mvua ya milimita 100 hivi ilinyesha Mgeta kwa muda usiozidi saa tatu, na ardhi ikaporomoka sehemu zaidi ya 1,000. Paul Temple na Anders Rapp, katika mradi uliokiunganisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na watafiti wa Sweden, walikwenda kuhesabu maporomoko na kuyachora kwenye ramani: kila poromoko limeanzia shambani, kwenye nyasi au msituni? Yaliyoanzia msituni hayakufika asilimia 1. Hilo ni somo zima la mizizi, maji na uzito wa udongo, limelala ng'ambo ya kilima kutoka Mlali. Mpe mwanafunzi ramani isiyo na alama za maporomoko, mwambie aweke alama zake mwenyewe, ndipo umwonyeshe ya Temple na Rapp. Kila alama aliyokosea itamdai maelezo.

Na Tanzania ndiyo iliyomtoa Erasto Mpemba, aliyeona mwaka 1963 akiwa mwanafunzi wa sekondari Magamba kwamba maziwa ya moto yaliganda kabla ya yaliyopoa, akachekwa darasani, akaendelea kuuliza hadi Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam alipolipeleka swali maabara. Wakachapisha pamoja mwaka 1969. Wanafizikia wanabishana juu yake hadi leo, na hilo halipunguzi thamani ya swali hata chembe.

Ombi langu kwa idara za sayansi, Morogoro na kwingineko, ni kuhusu mtihani. Mwanafunzi husoma kile kitakachoulizwa. Maswali yakibaki ya taja, fafanua na eleza, atakariri madesa hata kama amepelekwa Mlali kila wiki. Wekeni katika kila mtihani wa muhula ujao swali moja lenye takwimu ambazo mwanafunzi hajawahi kuziona, mkimtaka atabiri na atetee utabiri wake, na mpeni alama kwa hoja. Moja tu linatosha kuanzia.